Honi Ilinyamaza, Spea Zikanunuliwa: Kisa cha Beetle Moja Nakuru

Usuli

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 la mwanzoni mwa miaka ya 1970, usukani kulia, umeme wa volti 12. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayeishi viungani mwa Nakuru, na hapa nitamwita Mwalimu tu. Jina lake, nambari ya gari, mtaa na gereji zilizohusika nimeviacha nje. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na gari lilinifikia baada ya mikono mingine miwili kulipitia.

Siku nyingi Beetle hilo hulala bandani. Jumapili hutoka kwenda kanisani, na mara moja moja jamaa huliomba kubeba bibi harusi. Watu wa umri wa Mwalimu wanaliheshimu gari hili kwa sababu ndilo lililoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1954 na tena 1962, enzi ambazo barabara za huku zilikuwa tope na mashimo. Kwa hiyo ukimwambia Mwalimu atoe kifaa cha asili na kuweka cha gari jingine, atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuuliza kwa nini.

Kuna mambo mawili ya gari hili ambayo msomaji ayashike mapema, maana kisa chote kinayazunguka. La kwanza, tangi la petroli liko mbele, chini ya boneti, karibu kabisa na nyaya za nyuma ya dashibodi. La pili, kitufe cha honi hakipeleki umeme kwenye honi. Umeme unafika kwenye honi wenyewe, kupitia fyuzi, mara tu unapowasha swichi ya gari. Kinachokosekana ni njia ya kurudi, ile mafundi tunayoita athi. Ukibonyeza kitufe, unaifungulia honi njia hiyo ya kurudi kwenye bodi.

Kilichotokea

Mwezi wa Januari Mwalimu alilalamika kuwa usukani una mchezo mwingi. Gereji ya kwanza ilikuta raba ya steringi imepasuka, yaani ile duara ya mpira na nyuzi inayounganisha rodi ya usukani na boksi ya steringi. Wakaibadilisha na usukani ukakaza. Mwalimu akalipa akaenda zake.

Wiki kadhaa baadaye bodaboda ilimkatia ghafla karibu na soko. Akabonyeza honi, kimya. Akafunga breki, bodaboda ikapita, na yule kijana hakugeuka hata kumtazama.

Fundi wa umeme wa kando ya barabara aliingia chini ya madigadi ya mbele na testa ya taa, kile kijiti chenye balbu inayowaka kikigusa umeme. Akagusa ncha ya kwanza ya honi, taa ikawaka. Akagusa ya pili, ikawaka pia. Hitimisho lake lilikuwa la haraka: "Mwalimu, umeme umejaa pande zote na honi hailii. Hii imekufa."

Akaleta honi ya mtumba kutoka gari la Kijapani, ile yenye ncha moja tu, ambayo athi yake inapatikana kupitia bolti inayoishikilia kwenye bodi. Akaifunga kwa bolti, akachomeka waya mweusi wenye mstari wa njano, akamwambia Mwalimu awashe swichi. Honi ikalia papo hapo na haikunyamaza mpaka swichi ilipozimwa. Watu wa duka la jirani walitoka nje kutazama.

Hapo fundi alikuwa na dalili mbili mkononi ambazo, zikiwekwa pamoja, zingemfikisha kwenye jibu. Yeye alizisoma kama ishara kwamba swichi ya usukani nayo imekufa. Suluhisho lake likawa kuukwepa mfumo mzima. Alitoboa dashibodi kwa chini akaweka kitufe kidogo cha kubonyeza. Akachukua umeme upande wa boksi la fyuzi unaoingiza umeme, kabla ya fyuzi yoyote, akaupitisha kwenye kitufe na kuutoa kwenye tundu la bodi hadi mbele. Na kwa kuwa mpwa wa Mwalimu alikuwa ameomba gari kwa harusi, akafunga honi mbili badala ya moja. Mwalimu alilipa honi mbili, kitufe na kazi.

Harusi ikafika. Msafara wa harusi huku kwetu bila honi ni kama haujaenda popote, na mpwa alikishikilia kitufe tangu kanisani. Wakiwa njiani kuelekea Njoro, harufu ya plastiki inayoungua ikajaa ndani, kisha moshi ukatokea chini ya dashibodi. Mpwa alisimamisha gari pembeni, akaingiza mkono na kuung'oa waya. Aliungua vidole viwili. Bibi harusi alihamia gari jingine na gauni lake likiwa salama, na sherehe ikaendelea.

Nilichokuta

Kabla ya kufungua chochote nilimuuliza Mwalimu honi ililia lini mara ya mwisho. Akafikiri, akasema alikumbuka kuwapigia mbuzi wa jirani waliolala langoni, wakati wa Krismasi. Na baada ya Krismasi gari lilifanyiwa kazi gani? Raba ya steringi. Hakukuwa na kazi nyingine kati ya mbuzi na bodaboda.

Jibu hilo lilinielekeza pa kuangalia. Hata hivyo nilianza mwanzo, kwa sababu gari lilikuwa limeungua na sikujua ni kiasi gani. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma. Nikatoa waya wa hasi kwanza. Kisha nikautoa waya wote wa kitufe kipya, kipande kwa kipande. Sehemu ulipopita kwenye tundu la bodi palikuwa pamechunwa, na ukingo wa chuma ulikuwa na alama nyeusi ya cheche. Tundu halikuwekewa mpira wa kulilinda. Kadiri gari lilivyotikisika, chuma kilikata ganda la waya mpaka shaba ikagusa bodi. Kwa kuwa hapakuwa na fyuzi, waya wenyewe ndio uliogeuka fyuzi, shibiri chache kutoka kwenye tangi la petroli.

Fyuzi za asili zilikuwa sawa. Hizi ni zile ndogo za kauri zilizochongoka ncha. Nyeupe ni za ampea 8 na nyekundu za 16. Ya honi ilikuwa nzima lakini vishikizo vyake vimeshika ukungu wa kijani. Niliizungusha kwa vidole pale pale ilipokaa, nikapitisha msasa laini. Nikarudisha betri, nikawasha swichi, nikapima waya mweusi wenye mstari wa njano kule kwenye honi: volti 12.4. Njia ya kwenda ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Sasa njia ya kurudi. Nilizima swichi, nikachomoa waya wa kahawia kwenye honi, nikaweka mita kwenye omu, yaani kupima kama njia imeungana, kati ya waya huo na bodi, nikamwomba Mwalimu abonyeze kitufe cha usukani. Mita haikusogea. Nikaingia chini hadi kwenye raba ya steringi. Raba ilikuwa mpya kabisa, na kando yake kulikuwa na waya mfupi wa kahawia unaoning'inia, jicho lake la kufungia bolti likiwa limeviringishwa tepu nyeusi kwa uangalifu na kupakwa grisi juu. Aliyebadilisha raba aliukuta, hakujua ni wa nini, akaufunga vizuri usije ukagusa kitu. Alikuwa mtu nadhifu, kwa kweli.

Waya huo si pambo. Raba haipitishi umeme, kwa hiyo rodi ya usukani na kila kilichoungwa nayo hukaa peke yake kiumeme, mbali na bodi. Waya wa kahawia ndio daraja la kuvuka raba hadi boksi ya steringi, ambayo imefungwa kwenye ekseli ya mbele na hivyo imeungana na bodi. Ukiuacha, kitufe kinabaki kufungulia njia isiyofika popote.

Nilitoa tepu, nikasugua jicho la waya, nikaligusisha kwenye chuma safi cha boksi, nikamwomba Mwalimu abonyeze tena. Mita ikashuka karibu na sifuri. Swichi ya usukani, ile iliyotangazwa maiti, ilikuwa nzima.

Kitu kingine nilikiona nikiwa hapo chini, na kilinitisha kuliko moshi wa harusini. Bolti za raba ya steringi zina vibati vya kukunjwa juu ya nati ili zisilegee. Kimoja hakikuwa kimekunjwa, na nati yake ilizunguka kwa nguvu ya vidole.

Honi ya zamani

Mwalimu hakuwa ameitupa. Ilikuwa kwenye katoni pamoja na plagi kuukuu na mkanda wa dainamo. Niliiunganisha moja kwa moja na betri kupitia fyuzi na mita ya ampea: ikatoa "tk" moja na kunyamaza.

Honi ya aina hii ni koili ya sumaku, kipande cha chuma kinachovutwa na koili hiyo, bamba jembamba linalotikisika, na jozi ya pointi. Koili ikivuta, bamba linapinda na pointi zinaachana; umeme unakatika, bamba linarudi, pointi zinagusana tena. Hilo likijirudia mara mamia kwa sekunde, tunasikia sauti. Ukisikia mdundo mmoja tu na mita ya ampea inakaa juu bila kutetereka, maana yake koili inavuta lakini pointi haziachani: ama zimeganda, ama zimekaa vibaya. Koili iliyo hivyo inapata moto haraka, kwa hiyo usiishikilie.

Nyuma ya honi kuna skrubu ndogo ya kurekebishia, iliyofunikwa kwa rangi kiwandani. Nilikwangua rangi, nikaizungusha robo ya robo ya mzunguko, nikagusa umeme kwa nukta moja, nikarudia. Ukiizungusha kwa pupa unapita mahali pazuri bila kujua. Kwanza ilikohoa. Kisha ikatoa sauti ya kukwaruza, kisha ghafla ikafunguka na mita ikashuka chini ya ampea 5. Niliacha pale sauti ilipokuwa safi bila umeme kupanda, nikaziba skrubu kwa tone la rangi ili maji ya barabarani yasiingie.

Kwa hiyo honi ilikuwa na ugonjwa wake pia. Naamini uliipata baadaye, kwani Krismasi ilikuwa inalia, na baada ya kung'olewa ilikaa kwenye katoni lenye unyevu bandani. Lakini siwezi kuapa. Pointi za umri ule huweza kuganda zikikaa wiki chache bila kufanya kazi, hata zikiwa kwenye gari.

Uamuzi na sababu zake

Kulikuwa na njia tatu. Kuacha honi mbili za mtumba na kuzifungia waya mzuri. Kununua honi mpya ya ncha mbili kutoka maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, itumwe kwa matatu. Au kurudisha ile ya asili.

Tulichagua ya asili. Sababu ya Mwalimu ilikuwa heshima kwa gari. Yangu ilikuwa ya kifundi zaidi: kitufe cha usukani na nyaya zake vilitengenezwa kubeba honi moja ya kiasi hicho cha umeme, na honi hiyo nilikuwa nimeipima mezani nikaiona inafanya kazi. Laiti isingelia mezani, ningenunua mpya bila kuona haya, mradi ina ncha mbili na mwili wake haujaunganishwa na umeme. Ile ya ncha moja haifai hapa bila rele, yaani swichi inayowashwa kwa umeme kidogo ili ipitishe mwingi, kwa sababu athi yake haipiti kwenye kitufe.

Kufunga hakukuchukua muda. Waya wa daraja nilifunga kwenye nafasi yake, chuma kimesuguliwa, nati zote nikazikaza na vibati nikavikunja. Honi ikarudi kwenye kishikio chake chenye bamba la springi. Msiibadilishe bamba hiyo kwa kipande cha chuma kigumu, na hakikisheni ukingo wa honi haugusi madigadi, maana ukigusa sauti inakufa hata kama umeme ni kamili. Tundu la dashibodi lilizibwa kwa kizibo cha mpira.

Matokeo

Honi ikilia, injini imezimwa, nilipima volti 11.6 kati ya ncha zake mbili. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, kwa sababu kimechukuliwa kazini. Kisha nilimwambia Mwalimu abonyeze huku akizungusha usukani mpaka mwisho wa kulia na mpaka mwisho wa kushoto. Haikukatika popote. Usiliachilie gari la namna hii bila jaribio hilo. Honi inayolia magurudumu yakiwa yamenyooka tu itakunyima sauti kwenye kona, mahali unapoihitaji.

Honi za mtumba alirudi nazo nyumbani. Gereji iliyobadilisha raba ilikubali kurudisha pesa ya kazi baada ya kuonyeshwa picha ya nati; fundi wa kitufe alisema yeye alifanya alichoombwa.

Uchambuzi

Nianze na testa, kwa sababu ndiyo iliyopotosha. Kwenye Beetle, honi nzima iliyopumzika na swichi imewashwa itawasha testa kwenye ncha zote mbili. Umeme unaingia upande mmoja, unapita kwenye koili, na kwa kuwa haujapata pa kurudi, unakaa upande wa pili pia. Hiyo ni hali ya kawaida. Swali ni kinachotokea ukibonyeza: upande wa kahawia unapaswa kuzimika. Usipozimika, tatizo liko kwenye njia ya kurudi, na honi haina hatia bado. Na hilo la taa kuwaka ncha ya pili lilikuwa na habari nyingine njema: koili haijakatika, la sivyo umeme usingevuka. Testa ilimwambia fundi kweli tupu, ila alikuwa akiuliza swali la gari la Kijapani.

Hapo sina moyo wa kumlaumu sana. Magari yanayopita mikononi mwetu Nakuru kila siku ni Toyota, Nissan na Mazda. Kwenye mengi ya hayo waya mweusi ni athi, au mweupe wenye mstari mweusi kwa Toyota. Kwa Wajerumani athi ni kahawia, na mweusi huwa wa umeme unaokuja na swichi. Namba ndogo zilizopigwa kwenye vifaa vyao nazo zina maana ileile kutoka gari hadi gari: 30 ni umeme wa betri usiozimika, 15 ni umeme wa swichi, 31 ni athi. Anayezikariri hizo tatu hahitaji michoro kwa kazi nyingi za Beetle.

Honi mpya ilipolia bila kunyamaza, hiyo ilikuwa zawadi. Ilithibitisha kwamba umeme wa kwenda uko sawa na kwamba kinachokosekana ni athi ya kupitia kitufe. Kipande cha waya kutoka ncha ya kahawia ya honi ya zamani hadi bodi kingemaliza ubishi: ingelia, au ingetoa walau ule mdundo mmoja, na macho yangehamia kwenye usukani.

Kukwepa mfumo kwa kitufe cha dashibodi si dhambi yenyewe. Nimeona magari ya kazi yanayoishi hivyo miaka. Kilichokuwa cha hatari ni umeme uliochukuliwa kabla ya fyuzi na tundu lisilo na mpira, tena karibu na tangi. Kimoja kati ya hivyo kingerekebishwa, msafara ungefika Njoro, na baya zaidi honi tu ndiyo ingenyamaza.

Lakini ukiniuliza kosa kubwa la kisa hiki, nitaacha umeme kabisa nikutajie ile nati. Waya uliosahauliwa na kibati kisichokunjwa vilitoka kwenye kazi moja, siku moja, kwa mtu mmoja. Kisheria gari linatakiwa kuwa na honi inayofanya kazi, sawa; ila gari lisilo na honi linaendeshwa hadi gereji, na lisilo na usukani halifiki. Tangu hapo, honi ikinyamaza baada ya kazi ya steringi, nakagua bolti za raba kabla hata sijashika mita, na kama si fundi wa steringi wewe, mwite aliye.

Mpwa bado anazitaka zile honi mbili kwa ajili ya malori ya barabara ya Eldoret, na si ombi la kipuuzi. Atakayemfungia atumie rele: namba 86 kwenye waya mweusi wenye mstari wa njano, 85 kwenye waya wa kahawia unaokwenda kwenye kitufe cha usukani, 87 kwenye honi zote mbili, na 30 kwenye umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15. Kitufe kitabeba umeme kidogo wa rele tu, honi za ncha moja zitapata athi kwenye bodi kama zilivyozoea, na waya unene wake uwe wa milimita za mraba 2.5. Fyuzi ikae karibu na chanzo cha umeme, si kule mbele karibu na honi, na kila tundu la bodi liwe na mpira wake.